Wimbo wa Mwali Redioni

Juzi redio ilimwita gwiji. Nilikuwa nimekaa uani kwenye nyumba yangu ya wageni pale Msamvu, Morogoro, nakunywa chai, mtangazaji akasema sasa tumsikilize gwiji wa soukous, mkongwe aliyeimba Kinshasa, akaimba Nairobi, akaimba na hapa kwetu. Ikaja ile sauti. Wageni wangu wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Hawa ndio walikuwa waimbaji, bwana." Nikamwongezea chai. Mgeni ni mgeni, amelipia chumba. Lakini moyoni nilicheka, maana gwiji huyo nilimjua akiwa na suruali moja ya bugaluu anayoifua usiku na kuivaa mbichi asubuhi, na sauti hiyo mnayoisifu ilikuwa ikipita kwanza kwenye vidole vyangu ndipo iwafikie watu.

Mimi nilikuwa fundi mitambo wa bendi. Shule nimesoma mpaka darasa la nne, tena la nne lenyewe nilikaa nusu, nusu nyingine nilikuwa nabeba kabichi kichwani kutoka milimani kuja sokoni. Sikufundishwa na mtu kutengeneza amplifaya. Nilinunua redio mbovu kwenye maduka ya Wahindi, nikazifungua, nikaziua, nikazifufua, mpaka siku moja bendi ya kiwanda ilikuja kupiga dansi mjini, spika zikazima katikati ya wimbo, watu wakaanza kurusha chupa. Nikapanda jukwaani na bisibisi yangu. Kufika wimbo wa tatu watu wanacheza. Kesho yake meneja akaniita ofisini, nikaajiriwa. Leo nina nyumba ya wageni na malori yanayokwenda Dumila kuchukua mahindi, na hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya ili mjue anayewasimulia si mtu wa kudanganywa na koti linalong'aa.

Enzi hizo bendi haikuwa mali ya mtu. Ilikuwa ya shirika, au ya jumuiya, au ya kiwanda kama yetu. Mwanamuziki alikuwa mfanyakazi kama mfanyakazi wa mashine, ana mshahara, ana kadi, Jumamosi anapiga ukumbini, Jumapili mchana anapiga bugi, dansi la watoto wa shule, na viongozi wakija anapiga uwanjani. Basi kiwanda chetu kikaona bendi ya mji mwingine ina Mkongo, na sisi lazima tuwe na Mkongo. Ndipo akaletwa huyo.

Alishuka na sanduku la bati na kofia. Umri ulikuwa umemfika, ingawa nywele alizipaka dawa. Hata kabla hajaonyeshwa chumba akaanza kutusomea maisha yake. Alianza kuimba Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, angali mtoto. Vurugu zilipoanza kule akavuka ziwa, akaingia Kigoma, akaimba Tabora, akaimba Dar es Salaam, akaenda Nairobi kurekodi, akarudi. Kila mji alioutaja, bendi ilivunjika alipoondoka. Yeye alilisema hilo kwa kujivuna. Mimi nilijiuliza mbona hakuna bendi hata moja iliyomfuata nyuma kumwomba arudi.

Santuri zake alikuwa nazo kwenye sanduku, amezizungushia mashati. Alituwekea moja chumbani kwa mpiga besi, aliyekuwa na gramafoni. Nzuri, sikatai. Lakini kwenye karatasi ya santuri palikuwa na jina la bendi tu. Mpiga besi akauliza, "Mzee, na hapa wewe uko wapi?"

"Sauti ya juu hii njo mimi."

"Ziko mbili za juu."

"Ile nzuri."

Tukacheka, yeye hakucheka. Akarudisha sindano mwanzo, akatuambia tusikilize vizuri, akanyoosha kidole juu kila sauti ile ilipoingia, mpaka wimbo ukaisha. Mambo mengine yote ungeweza kumtania. Ungemwambia mzee, ungemwambia maskini, ungemwambia kofia yake kama sufuria, angecheka nawe. Ila umwambie kwamba ameimba nje ya mstari, hapo umemchoma. Mpiga solo alimwambia hivyo siku moja mazoezini, wakakaa wiki mbili hawasalimiani, huku wanapiga jukwaa moja.

Kulikuwa na duka la Mhindi mmoja mjini lililouza vitambaa, baiskeli na santuri. Huyo gwiji wenu alikuwa akiingia pale kila siku ya mshahara, anatafuta santuri yake iliyorekodiwa Nairobi, anaitoa nyuma, anaiweka mbele. Mwenye duka akamvumilia, akamvumilia, halafu siku moja akamwambia, "Bwana, wewe kila siku hamisha, hamisha. Nunua basi." Akatoka bila kununua. Nilikuwa nje nimeshika baiskeli, nikasikia, nikapeleka habari bendini kabla hajafika yeye.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Mkataba wake na kiwanda ulikuwa unakwisha. Meneja wa bendi, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu mbili mfukoni, alimwita mbele yetu akamwambia waziwazi. "Ndugu, wakubwa wanauliza Mkongo wetu anatuletea nini. Nyimbo zako ni za Kilingala, hakuna anayezielewa. Tumepata nafasi ya kwenda kurekodi redioni. Leta wimbo mpya, wa Kiswahili, wa kilimo, wa vijiji, upite kule Dar kwenye kamati, upigwe hewani. Ukipigwa, mkataba mpya upo. Usipopigwa, mimi sina la kukutetea."

Na bila mkataba hakuwa na kibali cha kukaa nchini. Ilikuwa treni ya Kigoma na mashua ya kurudi alikotoka, na kule, alikiri mwenyewe mbele yangu siku alipolewa, hakuna aliyemkumbuka. Hivyo kila mtu bendini alijua mzee anaimba kwa ajili ya nini.

Yeye kutunga alikuwa hawezi. Naliweka wazi hilo, maana siku hizi wanamwita mtunzi. Alikaa na gita chini ya ngazi za ukumbi siku nyingi, hakuna kilichotoka ila zile nyimbo zake za zamani zilizogeuzwa nguo. Maneno ya kilimo ilibidi ayaandike meneja mwenyewe: jembe, kijiji, tushikamane, mvua. Yakabaki yanasubiri sauti ya kuyabeba.

Wakati huo alikuwa anaishi na mwanamke wa kwetu. Huyu mama alikuwa anauza mboga sokoni, karoti na njegere za milimani, na alikuwa wa lukolo letu, yaani ukoo mmoja na mama yangu. Kwetu ukoo ni wa mama. Kwa hiyo aliniita kaka, na mzee akawa shemeji yangu, nikitaka nisitake. Alikuwa mwanamke mpole, ana binti wa kwanza aliyemwacha kijijini kwa bibi yake, karibu na misheni. Binti alikuwa amefika umri, amewekwa ndani, ni mwali, anafundwa, na mama yake alikuwa anakusanya vitu vya siku ya kumtoa. Mwaka mzima alikuwa na furaha ya jambo hilo moja. Asubuhi akifua uani alikuwa anaimbaimba chinichini, anajisahau.

Siku moja nafika mazoezini, nasikia mzee anaimba yale maneno ya meneja, na kiitikio ni cha Kiluguru. Na mwisho wa kiitikio hicho nilikuwa naujua tangu utoto.

Niwaeleze. Kwetu mwali akiwa ndani kuna nyimbo anazofundishwa na wanawake, na nyimbo hizo si za kusikiwa na mwanamume. Tulipokuwa watoto wa kiume, ngoma ile ikianza nyuma ya nyumba tulifukuzwa kwa fimbo. Unakimbilia bondeni, na huko bondeni, upepo ukigeuka, unasikia mkia tu wa wimbo, mwisho wa mstari, ule unaopanda halafu unakatika. Wimbo wenyewe hakuna mwanamume anayeujua, ila mkia ule kila Mluguru anaujua, na akiusikia anaangalia pembeni. Mapadri wamehubiri miaka na miaka dhidi ya mambo hayo, na mama anayeongoza rozari kanisani ndiye huyohuyo anayeongoza ndani. Padri anajua. Naye anaangalia pembeni.

Mazoezi yalipokwisha nikamvuta kando.

"Shemeji, wimbo huo uache."

"Kwa nini? Haukupendeza?"

"Umependeza sana. Ni wa ndani. Wa mwali. Haupigwi hadharani, sembuse redioni."

Akacheka. "Wewe shemeji una mambo ya porini. Wimbo ni wimbo. Sisi Kinshasa tunachukua hata nyimbo za matanga, watu wanacheza, marehemu hakasiriki."

"Marehemu hana bibi zangu."

"Wewe shika swichi zako. Kuimba ni kazi yangu."

Basi. Nilishika swichi zangu. Mtu mzima ukimwambia hapa pana shimo, na yeye akakuuliza shimo limesoma wapi, unamwacha aende.

Tukaenda Dar. Studio ilikuwa chumba kimoja na vipaza sauti vichache, unarekodi bendi nzima kwa mpigo mmoja, mtu akikohoa mnaanza upya. Fundi wa kule alitaka kumweka mzee karibu na kipaza sauti kama waimbaji wote. Nikamwambia mrudishe nyuma, huyu karibu ana kelele za pua. Akamrudisha. Ndiyo maana wimbo ulipokuja kupigwa sauti yake ilikuwa kama inatoka mbali, tamu. Hiyo ni kazi yangu, si yake.

Kwenye kamati ya nyimbo mimi sikuingia, nilikuwa nje napanga vyombo garini. Mpiga besi ndiye aliyenisimulia. Waliuliza kiitikio ni lugha gani na kina maana gani. Mzee akajibu bila kupepesa macho kwamba ni Kiluguru, kinasifu jembe. Wakaandika, wakapitisha. Njiani kurudi aliimba mpaka Chalinze. Meneja aliyekaa mbele na dereva alikuwa anaitikia.

Wimbo ukapigwa Jumapili.

Kijijini kwetu sikuwapo, lakini nimesimuliwa na watu wengi kiasi kwamba naona kama niliketi palepale. Misa imekwisha, watu wamejaa mbele ya duka la ushirika, kulikuwa na sabuni siku hiyo, wanawake wako kwenye foleni. Redio ya duka inapiga. Ukaingia wimbo wetu, gita la solo linachezacheza, wanaume wakaanza kutikisa mabega. Kikafika kiitikio. Wanaume wakasimama walivyokuwa, mmoja mguu juu. Kisha dada wa bibi yangu, ambaye ndiye mkubwa wa mambo ya ndani kwa ukoo wetu, akatoka kwenye foleni, akaingia nyuma ya kaunta. Akafungua mgongo wa redio, akatoa betri zote, akazifunga kwenye pindo la khanga yake, akarudi kwenye nafasi yake, akanunua sabuni, akaenda nyumbani.

Kufikia jioni kila mwanamume kijijini alikuwa anamwuliza mkewe, "Kumbe ndivyo unavyokwenda?" Wanawake wakabeba ndoo wakaenda mtoni, na mitungi ndani imejaa.

Siku ya tatu wakashuka mjini. Walikuja kwa miguu, wamevaa kaniki, wamebeba vitoto mgongoni, wakaingia ukumbini kwetu mchana tukiwa mazoezini, wakakaa chini katikati ya sakafu ya dansi. Hawakupiga kelele. Meneja alipowaona akatuma mtu haraka kwa katibu wa Chama wa kiwanda. Yule mama wa mboga naye akaja mbio kutoka sokoni, akasimama mlangoni na sinia lake la njegere, hathubutu kuingia. Redio alikuwa ameshaisikia. Tangu Jumapili alikuwa hajala.

Nikaenda kumsalimu bibi, yule wa betri. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe mjukuu wangu unafanya kazi na hawa. Ni wewe uliyemfundisha?"

"Mimi mwanamume, bibi. Nimfundishe nini nisichokijua?"

Akanitazama, akacheka kidogo na pengo lake. "Kweli. Hujui kitu." Ndivyo nilivyosafishwa mimi, mbele ya watu.

Katibu akafika, akaomba viti, akafungua mkutano kwa kirefu. Kisha akauliza, "Bibi, tumeambiwa mna malalamiko kuhusu wimbo wa bendi yetu. Wimbo huu ni wa mila yenu?"

Sasa sikilizeni akili ya yule bibi, ambaye shule hakuiona hata kwa mbali. Angesema ndiyo, kila mwanamume mwenye redio, kuanzia Morogoro hadi mwisho wa nchi, angejua kwamba alichosikia ni kitu chenyewe. Angesema ndiyo, ingebidi kuuliza nani alikitoa, na jibu lilikuwa limesimama mlangoni na sinia. Alikohoa, akakaza khanga yake.

"Hapana," akasema. "Sio wenyewe. Jumapili tulishtuka. Lakini tulipokaa tukaupima, tukaona sio. Huyu mtu wenu alisikia kitu mahali, hakukishika. Amekosea mwanzo, amekosea na katikati. Tumekuja ili mtusikie tukisema, mkasikia maneno huko nje mjue ni uongo. Wimbo wetu hauendi hivyo. Pigeni tu, hautuhusu. Na huyo mwimbaji mwambieni akitaka vya watu ajifunze kwanza."

Nilielewa palepale. Meneja alielewa. Jasho lilimtoka la furaha. Katibu, aliyekuwa na mkutano mwingine, akafunika kalamu. Kule mlangoni yule mama alishusha sinia chini taratibu kama mtu aliyetuliwa gunia. Wanawake wakaanza kuinuka na kujifunga watoto. Yaani mzee alikuwa amepewa vyote: wimbo, mkataba, mke, nchi. Kazi yake ilikuwa kukaa kimya kwa muda wa watu kutoka mlangoni.

Akasimama.

"Nimekosea wapi?"

"Ndugu, kaa," meneja akamwambia.

"Niambie, mama. Nimekosea wapi?"

Bibi hakugeuka. "Umekosea tu, mwanangu. Una sauti nzuri. Lakini umekosea."

Nilimpiga jicho, nikamfanyia ishara ya mkono kama ninavyomfanyia jukwaani nikitaka ashuke. Mpiga besi alimvuta koti. Alijitoa. Akapiga mguu chini, mzee mzima, kwa sababu ajuza wa milimani amemwambia amekosea noti.

"Mimi nimeimba miaka thelathini," akasema. "Nimerekodi Kinshasa, nimerekodi Nairobi. Sikio yangu haijakosea hata siku moja. Wimbo huu nimeusikia kila asubuhi kwa mke wangu yule pale, akifua. Kila asubuhi! Mwiteni aimbe hapa. Kama nimepotea hata sauti moja, nikate ulimi."

Na akamnyooshea kidole.

Bibi sasa aligeuka, akamtazama mzee kama unavyomtazama kuku aliyeingia mwenyewe kwenye chungu. Kisha akamtazama mwanamke mlangoni.

"Mwanangu," akamwambia kwa upole, "chukua sinia lako. Twende nyumbani."

Akalichukua. Wakatoka wote, yeye katikati.

Katibu akafungua kalamu tena. Mambo mengine yalikwenda yenyewe. Kama mwimbaji mwenyewe amesema mbele ya Chama kwamba wimbo ni uleule wa wanawake, ameuchukua kwa mkewe, na kule kwenye kamati alisema unasifu jembe, nani atamtetea? Meneja akaandika Dar, wimbo ukaacha kupigwa. Mkataba ukaisha siku yake ukalala. Maneno ya kilimo ya meneja nayo yakafa hivyohivyo, na sidhani kama alimsamehe kwa hilo. Bendi ilibaki bila Mkongo, na ukweli ni kwamba dansi zilijaa zaidi, kwa sababu mpiga solo sasa alikuwa anapiga bila kununiwa.

Yule dada yangu wa ukoo alitozwa kuku na kaniki, akavilipa kwa mboga zake. Faini haikuwa kitu. Adhabu ilikuwa kwamba hakuruhusiwa tena kuingia ndani. Siku binti yake alipotolewa nilikwenda. Mwali alibebwa mabegani, amepakwa mafuta, shanga tele, vigelegele mlima mzima, na mama yake mzazi alisimama kando, upande wetu sisi wanaume na watoto, ameshika mkoba. Alipiga vigelegele na yeye, kutoka kule alikosimama. Wimbo waliomtolea binti mimi siwezi kusema kama ulikuwa uleule au walitunga mwingine. Mkia wake sikuutambua.

Mzee aliondoka muda mfupi baadaye. Meneja alinituma stesheni kuhakikisha hajabeba kipaza sauti cha kiwanda, maana vipaza sauti vilikuwa adimu na mtu aliyefukuzwa haaminiki. Treni ya Kigoma ilichelewa kama kawaida yake, ikawa inangojwa hadi asubuhi, jua limeshapanda juu ya Uluguru. Nikamkuta amekalia sanduku. Nikamwambia afungue, akafungua. Mashati, na ndani ya mashati santuri. Kipaza sauti hakikuwamo.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ni mtu wa huku. Niambie ukweli. Nilikosea?"

Nilimtazama. Hana kazi, hana mke, anakwenda nchi isiyomkumbuka, na hilo ndilo swali lake. Hakumwuliza mama wa mboga hali yake. Hakuuliza kama binti alitolewa salama.

"Mimi mwanamume," nikamjibu. "Nitajuaje?"

"Huko kwenu nani anajua?"

"Wanawake. Na hawatakwambia mpaka kiama."

Akatikisa kichwa, akakaa. Treni ikasikika mbali upande wa Kingolwira. Watu wakaanza kuamka na mizigo yao. Mbele yetu palikuwa na mama mmoja wa makamo, wa kutoka milimani, ameweka tenga la mapeasi anasubiri abiria wa madirishani. Biashara yote ya siku yake ilikuwa ndiyo inaingia stesheni. Mzee akamwona. Akavua kofia, akainama kidogo kuelekea kwake, akaanza kuimba chinichini kile kiitikio, polepole, bila gita, sauti moja baada ya nyingine kama mtu anayepanga mayai.

Yule mama aliinua kichwa. Akamtazama mzee, akanitazama mimi. Kisha akafunika tenga lake, akajitwisha, akatoka stesheni bila kugeuka, na treni ndiyo inasimama.

Mzee alinishika bega, uso wote umemchanua.

"Umeona?" akasema. "Umeona, shemeji? Sikukosea."

Akabeba sanduku lake, akapanda treni anacheka. Alipopata dirisha akatoa mkono kunipungia kama mtu aliyetoka kupigiwa makofi na ukumbi mzima. Sikumpungia. Nilirudi kiwandani nikamwambia meneja kipaza sauti kipo.